Kumpa Mzee Kijiko

Trekta hii ilitoka kiwandani na rangi yake ya kijivu
mwaka ambao mama yangu alivunja ungo.
Haikuzaliwa na mikono.
Ilizaliwa kuvuta: plau, magogo ya msonobari,
na mara moja jeneza la baba mkwe
juu ya mbao za kuteleza, mwezi wa tatu,
theluji ikiwa imeimeza barabara ya kanisani.
Eilif aliiita Mzee.
Eilif mwenyewe uzee hakuufikia.

Kijiko nimekinunua kwa Oddmund wa ng'ambo ya bonde,
aliyeuza ng'ombe wote na sasa anakodisha vibanda kwa watalii.
Kilikuwa kimelala magugunijini mwa ghala lake,
mikono miwili ya chuma, ndoo iliyotoboka pembeni,
silinda zinazovuja kama pua za watoto wa chekechea.
"Kitaingia tu," alisema, akihesabu krona.

Kitaingia tu!
Matundu ya bolti yalipishana kwa upana wa kidole gumba.
Fremu ikagonga radieta; tukaitoboa upya.
Ikagonga kisanduku cha betri; tukakihamisha.
Ikagonga goti langu, na hilo halihamishiki.

Ragnhild, binti wa fundi, miaka kumi na tisa,
alilala chali chini ya tumbo la Mzee, tochi shavuni,
akitamka maneno ambayo sikudhani
wasichana wa siku hizi bado wanayajua.
Alinionyesha ekseli ya mbele, nyembamba kama muundi wa mbuzi.
"Hii haikuundwa kubeba. Itabeba, ila usiitamanie makubwa.
Nusu ndoo. Wala usikate kona mzigo ukiwa juu."
Nikaandika ukutani kwa chaki: NUSU NDOO,
chini ya mwandiko wa Eilif, tarehe za kumwaga oili,
ya mwisho ina siku na mwezi, haina mwaka.

Jumamosi nikavuta wenzo.
Mikono ikatetemeka, ikapanda
kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu.
Mbele yangu samadi ya majira yote ya baridi.
Nikausahau ukuta. Nikajaza ndoo, pomoni.
Pua ya Mzee ikainama
na kiti kikaninyanyua taratibu, kwa adabu:
magurudumu ya nyuma yameagana na sakafu,
yanazunguka hewani, hayana kazi.
"Shusha! Shusha!"

Uzito, basi. Uzito wa nyuma.
Pipa la mafuta, zege, na chuma chochote kisicho na mwenyewe.
Tukatupia minyororo iliyokatika, kiatu cha farasi,
jino la plau. Bado lilikuwa jepesi.
Nikaenda pembe ya zizi, nikalichukua beleshi.

Mpini ulikuwa na mabonde mawili, pale viganja vyake vilipokaa
miaka thelathini na mmoja, asubuhi na jioni.
Mara mbili nilimwambia tununue kijiko.
"Ghali," alisema. "Mikono ninayo."
Mgongo ndio uliolipa, kidogo kidogo, kwa riba.

Ragnhild alinitazama. "Hilo bado zima."
"Najua."
Likazama hadi shingoni.

Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi.
Huu ni kilo mia tatu na themanini.
Tumeupima kwenye mizani ya ng'ombe,
mara mbili, kwa kutoamini.

Leo theluji ya kwanza imeanguka.
Nusu ndoo, narudi nyuma, nageuza.
Usukani mgumu, kama kumshawishi Oddmund apunguze bei.
Pipa linaning'inia kule nyuma, halisemi kitu,
na magurudumu yote manne yako chini.

Mpini tuliukata, ukabaki shubiri moja juu ya zege.
Ragnhild anataka kuumalizia kwa msumeno.
Nimemwambia asubiri.
Ndipo ninapotundika glavu.